Mafundi wa simu Malindi, acheni kusingizia intaneti!

Pakiti_Kwanza

Nauliza bila kuficha: ni nani aliyewaambia mafundi wa mji huu kwamba simu ya IP, ile inayopitisha sauti kwenye mtandao wa kompyuta, ni kuchomeka tu na kuondoka? Ingia ofisi zilizobadilishiwa simu za mezani hapa barabara ya Lamu, kilio ni kimoja. Sauti inakatika, mteja anashika neno moja kati ya matatu, na fundi akiitwa jibu lake liko tayari mdomoni: "Hiyo ni intaneti, ongeeni na mtoa huduma." Pesa ameshatia mfukoni.

Intaneti gani? Kama seva ya simu iko humo humo ofisini, kipimo cha kwanza hakitaki hata kompyuta. Piga kutoka ekstensheni (nambari ya ndani) 101 kwenda 102. Simu hiyo haitoki nje ya jengo, inazunguka baina ya simu, swichi (kisanduku kinachounganisha waya za mtandao) na seva. Nayo ikikatika, mtoa huduma ana kosa gani?

Halafu wanakuja na ushauri wa pili, eti ofisi inunue megabiti zaidi. Huo ni wizi wa mchana. Simu moja ya kodeki G.711 (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ni kilobiti 64 za sauti kwa sekunde. Sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kila sekunde, kila moja na baiti 160 za sauti. Ongeza baiti 40 za vichwa vya IP, UDP na RTP (maelezo ya kuifikisha pakiti), unapata kilobiti 80. Tia na vya Ethaneti, mtandao wa waya wa ofisini, 87 na ushee. Simu kumi kwa wakati mmoja hazifiki megabiti moja kila upande. Ofisi ya watu kumi na wawili yenye laini ya megabiti 20, sauti inakatika, na unamwambia mwenye ofisi aongeze iwe 40? Haya!

Kinachoua simu ni foleni. Karani akituma picha za nyumba za kupangisha, pakiti zake ni za baiti 1500. Kwenye laini inayopandisha kilobiti 512, pakiti moja ya namna hiyo huchukua milisekunde 23 kupita. Zikitangulia kumi, pakiti ya sauti iliyo nyuma yake imechelewa 230 kabla hata haijatoka mlangoni. Pendekezo la G.114 la ITU-T, shirika la kimataifa la viwango vya mawasiliano, linataka kuchelewa kwa upande mmoja kusizidi milisekunde 150 ili watu waongee bila kugongana. Barua pepe ikichelewa hakuna atakayejua. Pakiti ya sauti ikifika baada ya zamu yake simu inaitupa, na ndilo lile neno lililomezwa.

Sasa tazama kilichofungwa kwenye kabati: swichi ya poti nane ya dukani, isiyo na mipangilio yoyote, kompyuta, kamera, printa na simu zote humo. Swichi hiyo haijui sauti ni ipi na itajuaje? Weka swichi inayosimamiwa, yaani inayopangika, uigawe kwa VLAN, mitandao iliyotengwa ndani ya swichi moja. Kompyuta VLAN 10, simu VLAN 20, nambari ni hiari yako. Simu ina matundu mawili, moja la ukutani na moja la kompyuta, kwa hivyo poti ya swichi ipitishe VLAN 10 bila lebo na VLAN 20 ikiwa na lebo. Washa LLDP-MED ili simu iambiwe na swichi VLAN yake. Anayeziandika VLAN kwa mkono simu moja moja anatega mtego: siku simu ikirudishwa mipangilio ya kiwandani, inaangukia upande wa kompyuta na hakuna anayejua kwa nini haijisajili kwenye seva.

Simu itie alama ya kipaumbele, DSCP 46, kwenye sauti, na swichi iambiwe iziamini alama hizo. Kuna swichi zinazotoka kiwandani zikizipuuza. Baada ya hapo njoo kwenye rauta, na hapa ndipo hata wale wanaojiita wataalamu wanapoanguka. Alama haina kazi kama foleni haiko mikononi mwako. Laini ikipandisha megabiti 10, bana rauta kwenye 9, ili pakiti zijipange ndani ya rauta unakoweza kutanguliza sauti, badala ya kujazana kwenye modemu ya mtoa huduma ambako huna usemi. Hiyo 10 uipime mwenyewe saa nne asubuhi siku ya kazi, usiinakili kwenye mkataba. Alama zikishatoka kwenye intaneti ya kawaida hakuna anayeziheshimu, lakini kwa ofisi nyingi msongamano uko hapo hapo kwenye kupandisha, si mbali.

Na SIP ALG kwenye rauta, kipengele kinachojifanya kusaidia SIP (lugha ya simu za IP kuitana), izimeni, jamani. Inachezea anwani zilizo ndani ya ujumbe wa SIP, na mara nyingi inaziharibu. Dalili yake: simu inalia, unapokea, wewe wamsikia yeye hakusikii.

Umeme je? Swichi imeandikwa poti 24 za PoE, yaani umeme kupitia waya wa mtandao, fundi anajaza simu 24 zenye skrini ya rangi. Asome jumla ya wati, siyo idadi ya matundu! Kwa kiwango cha PoE cha 802.3af, poti inatoa hadi wati 15.4 na simu inahesabiwa kupokea 12.95. Swichi yenye jumla ya wati 195, ikiwa inatenga 15.4 kwa kila simu ya daraja la 3 la umeme, imekwisha kwenye simu ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu inabaki giza, na fundi anaibadilisha simu, kisha waya, kisha anasema ni mbovu kutoka kiwandani. Zingekuwa za daraja la 2, ambalo swichi hulitengea wati 7, zote 24 zingewaka kwa wati 168 na chenji ikabaki.

Anayetaka kubisha abishe kwa vipimo.

WayaMbili

Umeacha balaa kubwa kuliko yote, ndugu: kuunganisha mtambo wa zamani na wa IP. Ofisi ina PABX (mtambo wa simu za ndani) yake ya analojia, tuseme Panasonic KX-TES824, inafanya kazi, ekstensheni zake ziko sawa. Fundi anasema itupwe. Kwa nini? Unachukua getiwei, kifaa cha kutafsiri kati ya simu za zamani na za IP, yenye poti za FXS, unaziingiza kwenye poti za laini za nje za PABX, na upande wa pili getiwei inaongea SIP. PABX inadhani ni laini za kawaida za simu. Imekwisha.

Lakini lazima ujue nani ni nani. FXS hutoa umeme, mlio wa kupigia na kengele. FXO hupokea, kama zile poti za laini za nje za PABX. FXO kwa FXO ni bubu, hakuna anayetoa umeme. Laini ya ukutani ndani ya FXS ni vyanzo viwili vya umeme vinavyopigana, na kengele ikija na volti zake zaidi ya 70 za AC unaweza kuaga hiyo poti. Matundu yote ni RJ11, yanafanana, kwa hivyo andika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila moja.

Kisha ugonjwa wa laini kubaki imeshikwa. Mteja wa nje akikata, FXO haina habari, inaendelea kushikilia laini na kurekodi mlio wa bizi kwenye kisanduku cha sauti. Omba mtoa huduma ageuze polariti (chanya na hasi za waya) mpigaji anapokata. Akikataa, rekodi mlio wa bizi wa laini hiyo hiyo, pima masafa yake na muda wa kulia na wa kunyamaza, uingize kwenye getiwei. Ukiacha ile ya kiwandani iliyopangwa kwa Marekani, utasubiri sana.

Mwangwi nao si wa intaneti. Unatoka pale waya mbili zinapogeuzwa kuwa waya nne na impedansi (ukinzani wa laini kwa sauti) haioani; kuchelewa kwa IP kunaufanya usikike tu. Rekebisha impedansi ya FXO kwanza, sauti ipunguzwe desibeli tatu au sita, ndipo utegemee kifuta mwangwi.

Wenye E1, laini ya dijitali ya chaneli 30: getiwei ifuate saa (mapigo ya kupanga data) ya mtoa huduma na yenyewe iipe PABX. Kila mtu akifuata saa yake, mtasikia tik, tik kwenye simu na faksi itakatika katikati ya ukurasa.

Fundi_Maweni

Mnaongea tu nyinyi. Mteja wa hapa anataka simu ishirini kwa bei ya kumi. Ukimwandikia swichi inayosimamiwa na UPS (betri ya akiba), anakwenda kwa jirani ambaye hakuandika. Nifanye nini, nilale njaa?

Pakiti_Kwanza

Bwana fundi, njaa naielewa. Kisichoeleweka ni kumwambia mteja "ni intaneti" huku unajua ulifunga swichi ya dukani. Iandike kwenye kotesheni: bila swichi hii, sauti haina dhamana. Aikate mwenyewe na atie sahihi.

Na hilo la bei halielezi yale yasiyogharimu hata shilingi. Ekstensheni 100 yenye paswadi 100 inagharimu nini kubadilisha? Poti 5060, mlango wa SIP kwenye mtandao, kuachwa wazi kwa dunia nzima, je? Roboti zinaipata, zinasajili, na usiku kucha zinapiga nchi za mbali. Asubuhi bili iko kwa mteja. Funga kila kinachoanza na 000 (nambari za nje ya nchi) isipokuwa kwa ekstensheni zinazohitaji, weka paswadi ya herufi kumi na sita kila ekstensheni, na 5060 uifungue kwa anwani ya mtoa huduma peke yake. Kazi ya nusu saa.

Hata waya. Mnanunua boksi la bei nafuu, ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe: ndani ukiwa mweupe, rudisha dukani. Ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba tupu, na kwenye mita 80 simu yenye PoE inazimika na kuwaka yenyewe. Mteja anasema simu ina jini.

Mtaa_wa_Langoni

Huku Amu (Lamu) ongezeni chumvi ya bahari juu ya hayo yote. Plagi za waya za mtandao, RJ45, za bei rahisi, dhahabu yake ni ukungu tu. Upepo wa bahari ukizikalia, pini zinageuka kijani na swichi inashuka kutoka megabiti 1000 hadi 100, kisha pakiti zinaanza kupotea. Sauti inaharibika mapema, intaneti bado yaonekana nzima. Soma hesabu ya makosa ya CRC (data iliyofika imeharibika) kwenye poti kabla ya kugusa mpangilio wowote. Ikipanda, kata plagi, funga mpya yenye dhahabu ya maikroni 1.27. Viungio vya waya za simu viwe vile vyenye jeli ndani.

Simu za Wi-Fi kwenye nyumba zetu za mawe, yakhe, sahau kuwekea kifaa kimoja ghorofa nzima. Ukuta wa matumbawe na chokaa unameza ishara. Tembea na simu yenyewe mkononi, kila chumba nguvu ya ishara isome -67 dBm au bora zaidi, na tumia gigahezi 5. Anayevuta waya wa shaba juu ya ujia kutoka jengo moja hadi jengo jingine anaalika radi kwenye swichi mbili kwa mpigo. Hapo vuta faiba.

Na UPS si ya seva pekee. Simu ya zamani ilikuwa inalishwa umeme na kituo cha simu, volti 48 kwenye waya ule ule, stima ikipotea bado inalia. Hizi za sasa zinataka swichi ya PoE, rauta, modemu ya faiba na seva, vinne vyote viwe kwenye UPS. Kimoja kikisahaulika, na mara nyingi ni ile modemu iliyofungwa juu ya mlango kwa tepu, ofisi nzima imenyamaza.