Sola inasema betri imejaa saa sita mchana, usiku friji inazima. Shida iko wapi?

Msafiri_Nyika

Wakuu, salama? Naombeni msaada kwa mwenye uzoefu na hizi sola za kukunja, zile za kubeba kama begi.

Gari langu la kambi lina betri ya pili kwa ajili ya matumizi ya ndani, AGM (betri ya risasi iliyozibwa, isiyoongezwa maji) ya 100 Ah, yaani ampea-saa, kipimo cha umeme inaohifadhi, mbali na ile ya kuwashia injini. Nikiegesha naliweka gari kivulini, halafu paneli naipeleka juani umbali wa mita kumi hivi. Paneli ni ya wati 120, kontrola yake, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri, ni ya aina ya PWM na imefungwa hukohuko mgongoni mwa paneli. Kutoka kwenye kontrola inakuja kebo ndefu hadi kwenye betri, na mwishoni ina vile vibanio vya meno.

Kinachonichanganya ni hiki: ikifika saa sita mchana taa ya kontrola inakuwa kijani, maana yake betri imejaa, na ampea zinaanza kushuka. Lakini usiku, hata saa nane haijafika, friji inazima na taa yake nyekundu inapepesa. Asubuhi nikipima betri nakuta volti 12.0.

Matumizi yangu ni friji ya kompresa, taa mbili za LED na simu, basi. Fundi mmoja kaniambia betri imekufa, ninunue nyingine. Mwingine anasema paneli ni feki. Kabla sijatoa hela nataka kuelewa, maana naona kila mtu ananiuzia kitu.

Jua_la_Utosi

Mkuu, wati 120 kwa friji ni kidogo. Friji ya kompresa inakula kama wati 45 ikiwa inafanya kazi. Chukulia inafanya kazi theluthi moja ya muda, kwa siku nzima hiyo ni karibu 30 Ah. Joto likiwa kali inafanya kazi nusu ya muda na hesabu inapanda. Paneli yako kwa PWM inatoa ampea 6 na kitu jua likiwa zuri, na jua la maana ni masaa matano hivi kwa siku, kwa hiyo unapata 30 Ah na ushee. Hapo hujahesabu wingu. Unaishi kwa kubangaiza. Ongeza paneli ya pili, zifunge sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), shida itaisha.

Fundi_Nyaya

Msafiri, usinunue betri, usinunue paneli. Subiri kwanza.

Hesabu ya Jua_la_Utosi ni sahihi na uishike, tutairudia. Ila haielezi kwa nini taa inakuwa kijani saa sita. Kama paneli ingekuwa ndogo tu, jua lingezama kabla hujaiona hiyo kijani. Kwako inawaka mapema na betri bado ina njaa. Kontrola inadanganywa, na mimi namshuku mmoja tu: hiyo kebo.

Kontrola haijui kilichomo ndani ya betri. Inachojua ni volti zilizopo kwenye terminali zake yenyewe, na zako ziko mita kumi kutoka kwenye betri. Kebo zinazokuja na paneli hizi mara nyingi ni nyembamba. Tuseme yako ni ya 1.5 mm². Umeme unakwenda mita kumi na kurudi mita kumi, jumla mita ishirini za shaba, ukinzani wake ni karibu omu 0.23. Ukipitisha ampea 6, volti 1.4 zinapotelea njiani. Kwa hiyo kontrola inasoma 14.4 na kujiambia kazi imeisha, wakati huohuo betri inaona 13.0. Kontrola nyingi zikishafika 14.4 zinahesabu muda fulani, masaa mawili hivi, halafu zinashuka kwenye 13.7 ya kulinda betri iliyojaa. Yako inalinda betri ambayo haijajaa. AGM ikiishi hivyo kwa muda mrefu inaota salfeti kwenye bamba zake na mwisho inakufa kweli, halafu huyo fundi wako ataonekana alisema kweli. Hili linaniuma, maana nimeona watu wakitupa betri nzima na kununua mpya, na mpya nayo inauawa na kebo ileile.

Usinisadiki mimi, isadiki mita. Kesho chukua multimita, iweke kwenye volti za DC. Ngoja ampea ziwe juu, saa nne au saa tano asubuhi. Pima kwenye terminali za kutokea za kontrola, kimbia ukapime kwenye nguzo za betri zenyewe. Gusa risasi ya betri, usiguse chuma cha kibanio, maana na penyewe volti zinapotea. Tofauti ikiwa chini ya 0.3, basi nimekosea na tutatafuta kwingine. Ikizidi volti moja, umempata mwizi.

Bi_Kambini

Naongezea jambo ambalo watu hulipuuza. Msafiri, angalia kivuli cha matawi kinavyotembea. Paneli nyingi za volti 12 zina seli 36 zilizofungwa kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine. Tawi likifunika seli moja tu, volti zinaweza kuanguka chini ya zile za betri, na hapo hupungukiwi kidogo, chaji inakata kabisa. Mahali penye jua saa tatu pana kivuli saa nane.

Na uielekeze vizuri. Simamisha penseli wima juu ya uso wa paneli. Ikitoa kivuli kirefu, paneli inatazama pembeni. Igeuze na kuiinamisha mpaka kivuli kiishie chini ya penseli yenyewe. Mimi huigeuza asubuhi, adhuhuri na alasiri. Tena usiilaze chini kabisa, iinue hewa ipite mgongoni, kwa sababu paneli ikipata moto volti zake zinashuka.

Msafiri_Nyika

Asanteni sana. Fundi, nimepima kama ulivyosema, ampea zikiwa 5.8 kwenye skrini.

Kwenye kontrola: 14.3
Kwenye nguzo za betri: 12.9

Nimerudia nikidhani nimekosea, ikaja hivyohivyo. Nikagusa vibanio vyenyewe nikakuta 13.1, kwa hiyo hata vibanio vinakula 0.2.

Sasa nifanyeje? Ninunue kebo nene ya mita kumi? Nimeulizia ya 6 mm², ni nzito na haikunjiki vizuri, nitaihifadhi wapi?

Fundi_Nyaya

Ahsante kwa kupima, umeturahisishia sote.

Kebo nene itasaidia, lakini kwako kuna njia nyepesi: hamisha kontrola. Ing'oe mgongoni mwa paneli uifunge ndani ya gari, jirani na betri, nusu mita au chini ya hapo. Kebo ndefu ibaki kati ya paneli na kontrola.

Utauliza: si kebo ileile, volti zitapotea vilevile? Zitapotea, ila sasa zinapotea mahali zilipo nyingi. Paneli yako inafanya kazi kwenye volti 18 hivi. Toa 1.4 za njiani, kontrola inapokea 16 na nusu, bado ni juu ya 14.4 inayohitajika. PWM haitumii hizo volti za ziada kwa vyovyote, ampea zinazopita ni zilezile. Kwa hiyo hasara ya kebo haikugusi, na kontrola sasa inasoma betri yenyewe. Ungekuwa na MPPT, aina nyingine ya kontrola, ingekugusa, kwa sababu yenyewe hugeuza volti za ziada kuwa ampea, na 1.4 katika 18 ni karibu asilimia 8 ya umeme wako. Siku ukinunua MPPT, au ukitaka kwenda mbali zaidi ya mita kumi, ndipo utafute kebo ya 4 au 6 mm².

Kazi yenyewe uifanye hivi. Funika paneli kwa blanketi zito, au igeuze uso chini, maana paneli iliyo juani ina umeme hata kama hujaiunganisha na kitu. Fungua vibanio kwenye betri. Nyuma ya paneli kuna kisanduku cheusi kinachotoa waya mbili kwenda kwenye kontrola. Hizo ndizo unazifungua na kuziunga na kebo ndefu. Kabla hujaingiza kitu kwenye kontrola, funua paneli kidogo na upime ncha ya mbali ya kebo: mita ikuonyeshe volti 20 hadi 22, na ikuonyeshe upi chanya na upi hasi. Tia alama ya utepe mwekundu kwenye chanya. Rangi za waya usiziamini, paneli nyingine zina waya mbili nyeusi tupu.

Kati ya kontrola na betri tumia waya wa 4 mm², na vile vibanio uachane navyo, weka vishikio vya pete vinavyokazwa kwa nati. Kwenye waya wa chanya weka fyuzi ya ampea 15, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Karibu na betri, narudia, kwa sababu inayoweza kuunguza gari ni betri. Paneli ikipigwa shoti inatoa ampea 7 hivi tu, lakini AGM ya 100 Ah inatoa mamia. Waya uliochubuka upande usio na fyuzi ni moto.

Unganisha betri kwanza, ngoja kontrola iwake na kuonyesha volti, ndipo uunganishe paneli. Kufungua ni kinyume: paneli kwanza. Kontrola inahitaji kuiona betri ili ijue ni mfumo wa volti ngapi. Ikiwekewa paneli peke yake nyingine huchanganyikiwa na nyingine huungua. Mwisho, chagua aina ya betri kwenye menyu iwe AGM. Soma ubavuni mwa betri, watengenezaji wengi huandika volti za kuchajia, kwa kawaida kati ya 14.4 na 14.7.

Na kama una chaja ya umeme wa ukutani, ijaze betri usiku mzima mara moja kabla ya kuanza. Imekaa na njaa muda mrefu, sola peke yake itachelewa kuirudisha.

Jua_la_Utosi

Fundi, nimekuelewa, na kwangu nitakwenda kupima pia. Ila bado namshauri paneli ya pili huko mbele, kwa siku za mawingu.

Fundi_Nyaya

Hapo tuko pamoja. Akiongeza, iwe ya volti zinazolingana na hii, sambamba, na ahakikishe kontrola inabeba ampea za zote mbili.

Msafiri_Nyika

Nimehamisha kontrola, fyuzi imekaa. Kijani sasa inawaka alasiri, si saa sita tena, na betri jioni baada ya kupumzika inasoma 12.8. Nimefurahi mno. Asubuhi nakuta 12.4.

Lakini jana friji ilizima tena mara moja alfajiri, kisha ikawaka yenyewe baada ya muda. Betri ilikuwa 12.3. Hii nayo ni nini?

Fundi_Nyaya

Ni ugonjwa uleule upande wa pili. Friji nayo inapima volti kwenye plagi yake, si kwenye betri. Kompresa inapoanza kuzunguka inavuta ampea nyingi kwa kitambo kidogo, na kama waya wa soketi ni mwembamba, volti zinaporomoka pale kwenye plagi na friji inadhani betri inakufa.

Fanya mambo mawili. Tazama mpangilio wa ulinzi wa betri kwenye friji, nyingi zina viwango vitatu. Cha juu kimewekwa kulinda betri ya kuwashia injini na hukata mapema, volti zikiwa bado 11 na ushee. Weka cha kati. Cha chini usikiguse kwa AGM, kitaimaliza.

Halafu pima volti kwenye soketi friji ikiwa inanguruma, na kwenye betri wakati huohuo. Ukikuta tofauti ya nusu volti, vuta waya mpya wa 4 mm² moja kwa moja kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake peke yake, usipitie soketi ya kiberiti, ile ya kuwashia sigara. Zile soketi hulegea kwa mtikisiko wa barabara, ukigusa plagi na kuikuta ya moto ujue ndipo volti zinapoishia. Tuletee hizo namba mbili ukishapima.