Laptop ya kikundi imechoka, fundi anataka afute kila kitu apige window upya. Naombeni ushauri kabla sijaipeleka kesho asubuhi

KatibuMwanga

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Niende moja kwa moja.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Kigoma, tuko kina mama 27, wengi wanauza mawese na dagaa, wengine wana vibanda pale Mwanga sokoni. Tuna laptop HP EliteBook 840 G3, used, tuliinunua kwa hela ya mfuko, RAM 8GB, diski (hard disk) 500GB, window 10. Humo ndo kuna kila kitu chetu, hisa za kila mtu za kila wiki tangu tuanze, nani kakopa shilingi ngapi kabakiza ngapi, mfuko wa jamii, mihtasari ya vikao, na mgao wetu ni mwisho wa Desemba.

Sasa huu ni mwezi wa pili inasumbua. Unawasha unaenda kuchota maji unarudi bado inazunguka tu, ukifungua faili la Excel inaganda unakaa unaliangalia, juzi umeme ukakatika (betri yake haifiki hata dakika 10) ikazima ghafla, kuwasha ikaleta skrini ya bluu mara mbili, ya tatu ndo ikakubali. Na kuna kamlio kwa chini, tik tik tik, halafu kananyamaza halafu kanaanza tena.

Fundi mmoja wa hapa mjini kasema ni virusi, dawa ni kufomati na kupiga window upya, 20,000. Nikamuuliza na mafaili yetu je, akasema hamishia D, ya D hayaguswi. Mimi naogopa kwakweli. Mwaka juzi mdogo wangu alipeleka laptop kwa fundi mwingine akarudishiwa nyeupe kabisa, picha zote za msiba wa baba yetu zimeondoka na hakuna aliyemuuliza kama anazihitaji. Na hizi si zangu, ni hela za watu.

Naomba kujua, ni kweli D inabaki salama? Window ikipigwa upya tutatakiwa kuilipia? Na mimi mwenyewe naweza kuifanya nyumbani au nimwachie fundi? Natanguliza shukrani.

mdau_gungu

Fomati C tu dada angu, D haiguswi, nimepiga window zaidi ya mara 10 hivyo hivyo na sijawahi kupoteza kitu. Kamlio hako feni hilo, lipulize vumbi.

FundiIsevya

Niko Tabora, kazi yangu ni hii. Dada katibu tafadhali kesho usiipeleke, na mkuu hapo juu nakuheshimu ila kwa dalili hizi ushauri wako utamwumiza.

C na D sio diski mbili. Kwenye laptop nyingi ni diski moja iliyogawanywa, kama chumba kimoja umeweka pazia katikati. Ni kweli ukifomati C peke yake mafaili ya D yanabaki, hilo halina ubishi, lakini kama chumba chenyewe kinaanguka pazia litasaidia nini? Feni huwa linavuma, halifanyi tik tik halafu linyamaze. Mlio huo, kuganda ukifungua faili, skrini ya bluu, mimi naona diski inakufa. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka na kichwa cha kusomea kinachopita juu yake karibu sana, kikishindwa kusoma kinarudi kinajaribu tena na tena, hapo ndo unasikia hako kamlio na ndo maana mashine inakusubirisha. Sasa ukimwambia fundi afute na kuandika gigabaiti kibao za window kwenye diski ya namna hiyo inaweza kufia mikononi mwake, na hapo atakwambia "ilikuja hivi hivi".

Usiku wa leo fanya hivi. Usifungue miziki, usipige skani ya virusi, usiipe kazi yoyote ya ziada. Chomeka umeme, chomeka flashi, nakili KWANZA foda la kikundi. Mafaili ya Excel ni mepesi, miaka yote hiyo labda hayafiki hata MB 50. Ukimaliza hayo ndo uende kwenye desktopu, dokumenti, dawnlodi, picha. Watu wengi wanasahau desktopu, na desktopu iko ndani ya C, ikifutwa imekwenda. Halafu hayo hayo yatume na kwenye Google Drive au hata jitumie kwa barua pepe, yawe sehemu mbili. Mwisho chomeka ile flashi kwenye kompyuta nyingine UFUNGUE faili moja moja uone namba zipo. Kuona jina la faili limekaa pale haitoshi.

Ukishamaliza ndo uweke programu ndogo inaitwa CrystalDiskInfo, ni ya bure, inakuonyesha afya ya diski kwa rangi. Bluu ni nzima, njano ina walakini, nyekundu ni mbaya. Piga picha uilete hapa.

mdau_gungu

Mkuu nimekuelewa, hiyo skrini ya bluu niliisoma haraka. Dada fuata huo ushauri.

KasuluKwetu

Mi nauliza swali la leseni maana hata mimi limenikuta. Mafundi wengi wanaweka window ya kuchakachua na ile programu ya kuiaktiveti, ni lazima?

FundiIsevya

@KasuluKwetu si lazima na usikubali. Zile programu za kuchakachua zinakutaka uzime antivairasi kwanza ndo zifanye kazi, jiulize kwanini. Hizi HP za kazi nyingi zilitoka kiwandani na leseni, na kama window 10 iliwahi kuwa aktiveti kihalali kwenye mashine hiyo, leseni inakumbukwa kwa ubao mama wa mashine, sio kwa diski. Ukibadilisha diski ukaweka window toleo lile lile, kama ilikuwa Pro weka Pro, pale inapokuomba namba ya leseni unachagua kwamba huna, unaendelea, ukiunga intaneti inajiaktiveti yenyewe. Kwahiyo kabla ya kufuta chochote ingia sehemu ya Settings kwenye Activation uone imeandikwaje, uandike pembeni.

Na kitu kingine hapo hapo, angalia kama picha ya diski C ina alama ya kufuli. Ikiwa nayo ujue imefungwa na BitLocker, kufuli la window lenyewe la kulinda mafaili, tafuta ule ufunguo wake wa tarakimu 48 mapema, mara nyingi unakaa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiwasha mara ya kwanza. Kwa hizi used hiyo akaunti inaweza kuwa ya mtu aliyeko Ulaya huko. Diski ukija kuitoa ukaichomeka kwenye mashine nyingine bila huo ufunguo, mafaili hayafunguki.

KatibuMwanga

Saa sita usiku huu. Nimenakili karibu yote jamani, kufuli hakuna, leseni imeandikwa iko aktiveti na ni Pro. Ila faili la hisa la mwaka huu LIMEGOMA. Linafika katikati linaganda halafu linaleta maandishi kwamba haliwezi kusomwa. Ndo lenyewe la mgao. Nimekaa hapa mikono inatetemeka. CrystalDiskInfo imeleta njano.

FundiIsevya

Zima sasa hivi. Zima kawaida, usikate umeme, lala. Njano na mlio huo diski ndo imekwisha, kila ukijaribu tena unaichosha zaidi.

Kesho tafuta mtu mwenye kompyuta nzima akutengenezee flashi ya Linux Mint, ni mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya window. Unaichomeka, unawasha huku unagonga F9 kwenye HP, unachagua flashi, kompyuta inawaka kwa kutumia flashi bila kuigusa window wala kuweka chochote kwenye diski. Hapo diski haina kazi nyingine zaidi ya kusoma hilo faili moja, mara nyingi linatoka. Usibonyeze ile alama ya kuinstolu iliyoko desktopu ya Mint, hiyo ndo ingefuta.

MamaUjiji

Binti yangu pole, nimesoma yote. Mimi nimekuwa mtunza hazina wa kikundi miaka mingi tangu enzi za daftari. Vile vitabu vya hisa vya wanachama wako, vyenye mihuri, wanavyo? Kama wanavyo basi hesabu haijapotea hata kompyuta ikiungua. Waite Jumamosi kila mmoja aje na chake, mpige picha kurasa zote mbele ya mwenyekiti. Wala usiwafiche wenzio, waambie leo leo kabla hawajasikia kwa mtu mwingine.

KatibuMwanga

Shikamoo mama, wanavyo vyote! Sikuwaza kabisa. Asante sana, asubuhi nampigia mwenyekiti.

mwalimu_stesheni

Kuhusu window yenyewe, kabla dada hajanunua kitu ajue window 10 iliisha muda wake tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft hawatoi tena apdeti za bure za ulinzi kama zamani, kuna mpango wa nyongeza unajiandikisha unafika 13 Oktoba 2026. Na hiyo 840 G3 prosesa yake ni Intel ya kizazi cha 6, window 11 rasmi inataka kuanzia kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), kwahiyo haimo. Mafundi wanailazimisha na inawaka, ila Microsoft hawakuhakikishii apdeti. Mimi kwa kazi ya hisa na mihtasari ningebaki na hiyo Mint, programu yake ya bure ya LibreOffice inafungua mafaili ya Excel na hamna leseni ya kuwaza.

FundiIsevya

Mwalimu yuko sahihi. Ila kina mama wameshazoea Excel na mgao uko mlangoni, mimi ningerudisha window 10, nijiandikishe nyongeza, halafu Januari wafikirie kuhama bila presha.

Kuhusu kuifanya mwenyewe dada, unaweza. Nunua SSD (diski ya kisasa isiyo na sahani za kuzunguka) ya SATA ya inchi 2.5, 256GB inawatosha. Flashi ya kuanzia 8GB ambayo haina kitu cha maana maana itafutwa, ile programu ya Microsoft yenyewe inashusha window na kuitengeneza flashi, inakula GB kadhaa kwahiyo tumia bando la usiku. Draiva ya waifai ya mashine yako, yaani kiprogramu kinachoifanya waifai ifanye kazi, ishushe kutoka HP uiweke pembeni, wengi wanamaliza kupiga window halafu hawana intaneti ya kutafutia draiva. Kwenye kuinstolu chagua Custom. Diski ikiwa mpya utaona nafasi moja tu isiyogawanywa, unabonyeza endelea basi. Mtu anayerudia kwenye diski ile ile ndo hapo anafuta vigawanyo vyote mpaka ibaki nafasi tupu, na hapo hakuna kurudi nyuma, kwahiyo flashi na diski nyingine zote awe amezichomoa, abaki na ya window tu.

Na kwa betri yenu hiyo msifanye wakati umeme unachezacheza. Azimeni betri au mfanyie sehemu yenye jenereta au sola.

KatibuMwanga

MREJESHO

Samahanini kwa kukaa kimya siku tisa. Faili la hisa limetoka!! Kijana mmoja wa stesheneri alinitengenezea flashi ya Mint, jaribio la kwanza likagoma, tukaiacha ipoe kama saa nzima, la pili likanakili lote. Nimelifungua kwenye kompyuta mbili, nimelinganisha na vitabu vya wanachama Jumamosi mbele ya wote, tofauti ilikuwa moja tu ya hisa mbili za wiki ya mwisho ambazo sikuwa nimeziingiza. Kina mama walikaa masaa manne wakanisubiri, hakuna aliyenung'unika, na mwenyekiti akapendekeza kuanzia sasa kila kikao nakala moja ibaki kwangu, moja kwa mtunza hazina.

SSD ilikuja kwa basi kutoka Dar, 75,000. Window tumeipigia dukani kwa mjomba angu mwenye sola, mimi mwenyewe nimebonyeza, ilijiaktiveti kama mlivyosema. Inawaka sijamaliza hata kuvuta kiti. Yule fundi nilimrudia nikamweleza, akaja akaiangalia ile diski akakubali, hatuna ugomvi.

Swali la mwisho. Diski ya zamani kuna mtu anataka kuinunua 15,000. Nikiifomati nimuuzie?

FundiIsevya

Hongera sana dada, umenifurahisha.

Usiiuze. Fomati ya haraka inang'oa tu ule ukurasa wa yaliyomo, kurasa zenyewe zimo, mtu mwenye Recuva au PhotoRec, programu za kurudisha mafaili yaliyofutwa, anazisoma. Fomati ndefu, ile unayotoa tiki kwenye Quick, ndo inaandika sifuri diski nzima, au kwa amri ya diskpart unaandika "clean all", ila hakikisha umechagua namba ya diski sahihi maana haikuulizi mara mbili. Kwa 500GB nzima ni masaa kadhaa. Yako ni mbovu, vile visehemu visivyoandikika vinaweza kubaki na majina ya watu humo humo. Na hii njia ni ya diski za kuzunguka, SSD ina utaratibu wake mwingine.

mwalimu_stesheni

Naongezea, majina, namba za simu na madeni ya watu ni taarifa binafsi, tuna sheria yake ya mwaka 2022. Kwa 15,000 haifai.

KatibuMwanga

Nimejaribu fomati ndefu ikaganda asilimia 41 ikakataa kabisa. Leo nimeenda nayo Kibirizi kwa fundi wa boti mwenye drili, akaitoboa matundu manne yanapita mpaka upande wa pili, mwenyekiti na mtunza hazina wakishuhudia. Tumeiandika kwenye muhtasari wa kikao.