Msambazaji anauza programu yetu kwenye ruta zake, tukidai msimbo chanzo anatuletea danganya toto

Wakuu, nina hasira na sitazificha.

Kuna msambazaji wa ruta (vile vifaa vya kugawa intaneti), jina lake naliacha kwa sasa. Ndani ya vifaa vyake ameweka programu ninayoiandika na wenzangu, iliyo chini ya GPL toleo la 2, leseni huria inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza kwa masharti. Kuiweka ruksa. Kuiuza ruksa, na hakuna aliyemdai hata senti. Anachodaiwa ni kwamba anayepokea programu apate na msimbo chanzo wake, yaani mistari ya programu kama ilivyoandikwa, ama papo hapo, ama kwa ahadi ya maandishi ya kuutoa inayodumu angalau miaka mitatu. Kwenye boksi lake hakuna msimbo, hakuna ahadi, hata nakala ya leseni hakuna.

Tukawaandikia, wakakaa kimya. Tukaandika tena, wakajibu kwamba msimbo ni siri ya biashara. Siri ya nani? Mistari ile tumeiandika sisi na iko wazi kwa dunia nzima! Tulipokaza kamba wakatuma faili moja iliyobanwa. Nilipoifungua damu ikanichemka. Ni toleo letu la zamani, bila hata badiliko moja walilofanya wao, majina yetu ya hakimiliki yamefutwa, skripti (faili za maelekezo) za kuijenga na kuisakinisha hazimo. Haijengeki, yaani huwezi kuigeuza kuwa programu inayofanya kazi. Na ukikagua programu inayotembea kwenye ruta, ni kitu kingine kabisa. Kifungu cha 3 cha leseni kinasema wazi kwamba msimbo kamili unajumuisha na skripti hizo. Hawa hawajakosea kuisoma leseni. Wameisoma, wakatafuta namna ya kutuchosha.

Sasa wakili wao anasema leseni ya kitu cha bure haina nguvu mahakamani. Uongo mtupu. Mwaka 2004 mahakama ya Munich, Ujerumani, iliitambua GPL katika kesi dhidi ya kampuni ya Sitecom. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika shauri la Jacobsen na Katzer, ilisema anayekiuka masharti ya leseni huria anaweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki. Februari 2024 Mahakama ya Rufaa ya Paris iliiamuru kampuni ya simu ya Orange iilipe kampuni ya Entr'Ouvert zaidi ya yuro 500,000 kwa suala hili hili la GPL. Tena kifungu cha 4 cha GPL kinasema ukikiuka, haki yako ya kusambaza inakufa yenyewe. Maana yake kila ruta wanayouza leo wanaiuza bila idhini yetu.

Na anayeumia zaidi ni mnunuzi. Wao wakiacha kutoa masasisho, tundu la usalama litabaki wazi na hakuna wa kuliziba. Tumeona faida ya msimbo kutolewa: kampuni ya Linksys walibanwa mwaka 2003 wakaachia msimbo wa ruta yao ya WRT54G, na OpenWrt, mradi huria wa programu za ruta, ukazaliwa humo. Mpaka leo unafufua ruta ambazo watengenezaji wake walishazitelekeza.

Ninachoomba: kama una ruta na unashuku imebeba programu ya GPL, waandikie waliokuuzia udai msimbo kamili, pamoja na skripti. Tunza barua pepe zote na toleo la programu lililomo. Wakikutumia faili, jaribu kuijenga kabla hujawaambia asante. Ikigoma, weka hapa ujumbe wa kosa kama ulivyo, tulinganishe na wa kwetu.