Umeumia, kazi yako ya zamani huiwezi tena. Ulikulaje? Tupeane uzoefu

Kigoe_Wete: Yakhe, leo nimemuona kijana juu ya mkarafuu, hana hata kamba, miguu ikaniisha. Mie nilikuwa mchumaji. Tanzu ilivunjika nikashuka na pakacha langu, kigoe, kile kijiti cha kuvutia tanzu, kikabaki juu kinaning'inia. Walinibeba kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani. Uti wa mgongo. Kukaa naweza, kusimama sana siwezi. Mke wangu ndo akachambua karafuu za watu kwa pishi, vidole vyeusi mpaka usiku. Kilichoniuma zaidi ni mtoto kuja na habari za madaftari, mie najifanya nimelala. Waliopita huku walifanyaje?

BintJambiani: Pole kaka. Mie nilikuwa nalima mwani. Kiuno kilikataa kuinama bamvua zima, maji yakitoka. Sasa nipo kwenye kikundi, tunasaga mwani tunatia kwenye sabuni. Nakaa kivulini.

mzee_wa_darajani: Nenda ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar, mafao si ya uzee tu, na ya ulemavu yapo.

Kigoe_Wete: Mchumaji nachangiwa na nani, mzee? Na mkarafuu?

mzee_wa_darajani: Kuna mpango wa hiari kwa waliojiajiri.

Chumvi_Tupu: Hiari! Mtu hana ya unga we wamwambia achangie. Wa mjini mna mambo.

mzee_wa_darajani: Nasema kwa wengine wanaosoma. Acha ujuba.

Mkoani_Bandarini: Yeye aanzie ZSTC, shirika linalonunua karafuu, Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu husaidia wanaoanguka. Mjomba wangu alipeleka karatasi za hospitali na barua ya sheha. Usichelewe ukazipoteza.

Chumvi_Tupu: Sheha wa kwetu ukoo wake wote kauandika kaya masikini, pesa za msaada za TASAF wazijua wao tu 😂

BintJambiani: Ndo uende mkutanoni useme, si huku.

Mpishi_Nungwi: Nyie mwasema viuno. Mie nilianguka jikoni, sufuria ya mafuta inachemka, hoteli imejaa wageni. Kifafa. Nilizindukana kichwa changu kipo juu ya gunia la viazi, meneja kasimama na simu anarikodi. Kesho yake: usije tena, barua hamna. Nyumbani wakasema nina shetani, kibuki. Wakauza vespa yangu, ngoma ikapigwa, udi ukafuka, mie nikaanguka tena katikati ya ngoma na watu wakashangilia! Dada yangu ndo alonikokota hospitali. Nameza vidonge, sijaanguka muda mrefu. Moto siusogelei. Namenya vitunguu thomu nauza kwa mikahawa.

Udi_Na_Ubani: Kibuki anataka nini mpaka sasa?

Mpishi_Nungwi: Anataka vespa yake.

Udi_Na_Ubani: Usicheke, yapo.

Chumvi_Tupu: Yapo, na vidonge vipo. Meneja ndo wa kushitakiwa, Kamisheni ya Kazi ipo.

mzee_wa_darajani: Kigoe, pencheni jamii ile ilioanza 2016 usiihesabu, mpaka ufike 70. Zaka uliza Kamisheni ya Wakfu.

Kigoe_Wete: Zaka naona haya.

BintJambiani: Haya zinaliwa? Ni haki yako.

Sindano_Chake: Kaka, shona kofia. Wanaume tele wanashona, unakaa barazani na mto mgongoni. Usianze na ya vito, utalia. Anza na pindo, vitundu vidogo, kitambaa ukivute sana kwanza. Tajiri anakupa nguo na uzi, unalipwa ukimaliza.

Chumvi_Tupu: Tajiri gani halipi kabla ya Iddi.

Sindano_Chake: Wangu analipa. Kigoe, macho yako yakoje?

Kigoe_Wete: Macho mazima. Mikono ndo ya kukatia tanzu, mikubwa.

Sindano_Chake: Njoo Chake Jumamosi, sindano ntakupa mie.