Naomba ushauri: namba za redio za polisi wa Marekani zinanichanganya

Wakuu, habari za asubuhi. Nipo Tabata. Kila alfajiri, kabla daladala hazijajaa, nasikiliza kwa simu redio za polisi wa Marekani. Kwao bado ni usiku wa jana. Naupenda sana usikilizaji huu, ila namba wanazotumia badala ya maneno zinanivuruga. New York, 10-13 ni askari anaomba msaada. Chicago ni 10-1, na hiyohiyo 10-1 kwingineko maana yake sauti haisikiki vizuri! Daftari langu limejaa mistari niliyokata kwa kalamu nyekundu.

Wazoefu, mlianza na namba za mji mmoja au mlifuata mazungumzo tu? Na nikitaka kununua skana (redio ya kunasa mawasiliano kama haya) hapa Dar, suala la kibali nianzie TCRA, mamlaka ya mawasiliano? Nisaidieni.