Mtungi wa kuzimia moto ufungwe wapi ndani ya gari dogo?

Nati_Kumi: Wakuu, naomba ushauri. Nina mtungi wa unga wa kilo 1, umekuja na breketi (kishikio cha kuufungia) ya plastiki na skrubu mbili za bati. Kwenye buti naona ni mbali. Sakafuni sawa, ila kutoboa naogopa.

Spana14: Mkuu, hiyo breketi weka pembeni. Mtungi huo pamoja na chuma chake unakaribia kilo 2. Gari likigonga na kusimama kwa nguvu ya mara 30 ya uzito, breketi inavutwa kama imebeba kilo 60. Plastiki inapasuka, skrubu zinachomoka kwenye bati jembamba, na mtungi unaruka kuelekea vichwa vya watu. Tafuta breketi ya chuma, mkanda wa chuma, klipu ya kufyatua kwa mkono mmoja.

Mahali: sakafuni, mbele ya kiti cha abiria, ulale kutoka mlango hadi mlango. Upande wa dereva mimi sikushauri. Ukichomoka unabingirika hadi chini ya pedeli ya breki.

Kutoboa si lazima. Kata bamba la chuma la milimita 3, lishikwe na bolti mbili za mbele za kiti. Bamba likae chini ya kichwa cha bolti, lisiingie kati ya reli na sakafu, kiti kitakaa upande. Kama bolti inabaki fupi, nunua ndefu kidogo yenye namba ileile ya uimara kichwani (8.8 au 10.9), kisha kaza kwa spana ya kipimo (inayopima nguvu ya kukaza) kulingana na kitabu cha gari.

Waya_Njano: Naongezea hapo. Chini ya kiti kuna soketi za njano: ni za mifuko ya hewa na vikaza mkanda (vinavyovuta mkanda wa kiti ajali ikitokea). Usizichomoe, na bamba lisizibane. Ukimaliza, sogeza kiti mbele na nyuma hadi mwisho uone kama kuna waya unaovutwa. Na anayeamua kutoboa aingie kwanza uvunguni: mabomba ya mafuta na ya breki hupita hukohuko.

Nati_Kumi: Shukrani. Ukilala hivyo unga hautagandamana?

Spana14: Utagandamana hata ukisimama, mtikisiko wa gari ndio unaoushindilia. Kila mwezi utoe, upindue kichwa chini, utikise mpaka usikie unga unatembea. Geji kuwa kwenye kijani inakuonyesha presha tu, unga uliogandamana haiuoni. Wakati wa kutumia usimamishe wima, maana bomba la ndani huchukua unga kutoka kitako.

Waya_Njano: Na usiuache unapigwa na jua, mingi lebo yake inaishia nyuzi 60. Moto ukiwa chini ya boneti, usifungue yote, hewa itauchochea. Fyatua loki tu, pulizia kwenye upenyo. Kilo 1 inaisha kwa sekunde 8 hivi.

Nati_Kumi: Klipu ielekee upande gani?

Spana14: Kwa dereva. Kaa, funga mkanda, ujaribu kuifikia kabla hujakaza bolti.