Paka wafungiwe ndani ili ndege wavumaji wapone?

Mzee wa Ohio: Jamani, asubuhi nimemkuta mvumaji wa koo jekundu (hummingbird, kale kandege kanakonyonya maua) chini ya baraza, paka wa jirani kamchana bawa. Nimemweka kiganjani, gramu 3 hivi, uzito kama wa senti ya Marekani. Ndege anayevuka Ghuba ya Mexico, kilomita kama 800 bila kutua, aje kuuawa na paka aliyeshiba! Naunga mkono sheria ya kufungia paka ndani. Mnasemaje?

Mama Paka: Aliyeshiba ulimlisha wewe? Wangu hajagusa ndege hata siku moja. Madirisha yenu ya vioo mbona huyataji?

Bin Kilifi: Dada, paka hawindi kwa njaa, ndivyo alivyoumbwa. Watafiti walikadiria, 2013 nadhani, kwamba paka wa Marekani wanaua ndege zaidi ya bilioni moja kwa mwaka. Vioo navyo ni mamia ya milioni, sikatai. Na dawa za bustani zinamaliza wadudu wadogo ambao mvumaji huwalisha makinda. Mnaowanywesha wavumaji maji ya sukari, kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vinne vya maji, basi. Rangi nyekundu ya nini? Asali msiweke, inaleta kuvu. Chombo kioshwe kila baada ya siku chache, joto likizidi kila siku. Prof. Wangari Maathai alituhadithia mvumaji aliyejaribu kuzima moto wa msitu kwa tone moja moja, nasi tushindwe kuosha chombo?

Mtu wa Voi: Mvumaji hayuko Kenya, hayuko Afrika nzima! Ni wa Amerika tu. Wetu ni chozi, naye mdogo, naye hunyonya maua. Mnawapotosha watoto.

Bin Kilifi: Nimesema alihadithia, sikusema alimwona Nyeri. Soma kwanza.

Mtu wa Voi: Nimesoma. Chozi hupenda kutua tawini akanywa ua, mvumaji huelea hewani na kurudi kinyumenyume. Miaka yote mko huko, chozi mmeshamsahau.

Bi Mkubwa: Sijamsahau, mwanangu. Malindi kwa mama chozi alining'iniza kiota kwenye mbirimbi, kunguru wakaja wakang'oa makinda, paka kalala kibarazani. 2024 serikali ya Kenya ilipotangaza kuwaangamiza kunguru, nilishukuru.

Mama Paka: Haya, mmesikia! Kunguru.

Mzee wa Ohio: Bi Mkubwa, shikamoo, lakini mimi nimeuliza paka wa hapa Ohio.

Bi Mkubwa: Marahaba. Nami nakwambia wale makinda walikuwa wawili, macho hayajafunguka.

Mtu wa Voi: Kunguru wauawe kwa sumu? Hiyo sumu chozi hataila?